Mama Msasa na Vanishi Asiyoipaka

Uvumi ulimkuta Mama Msasa kwenye foleni ya maji, ukamganda: eti mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili amevimba midomo kwa sababu ya kiko cha kuvutia tumbaku alichokarabati yeye.

Saa mbili asubuhi, siku ya nne sasa tangu uvumi huo, Mama Msasa ameketi dirishani, kwenye chumba ambacho ni karakana na jiko pia. Analoweka kitambaa, anakikamua, anakilaza ubavuni mwa kiko palipobonyea, kisha anakandamiza kwa kijiko cha moto. Mvuke unapanda. Mbao inavimba taratibu na kujaa yenyewe.

"Mti ukibonyea haujafa," anasema. "Umelala tu."

Kazi hii ameifanya miaka kumi na tisa, tangu alipofariki mumewe, fundi samani. Mikwaruzo huiondoa kwa msasa laini, kisha husugua nta ya nyuki, nje tu. Ndani panapokaa tumbaku hapagusi, na vitundu ulivyozaliwa navyo mti havizibi ng'o. Alikuwa akipata viko tisa kwa wiki, vyote kutoka duka la tumbaku anakouza binti yake. Wiki hii anacho kimoja.

"Watu wananikwepa ngazini kama nina upele," anasema. "Kwa kosa lipi?"

Juzi mwalimu alikuja mwenyewe, kiko mfukoni.

"Mama, sikuja kugombana," alisema mlangoni. "Lakini mdomo huu unauona."

"Nauona, mwalimu. Keti. Lete hicho kiko."

Mama Msasa alikwaruza ukingo wa kiko kwa ukucha. Utando ukabanduka, mwembamba kama ganda la kitunguu. Vanishi. Nyumbani kwake hakuna hata tone la vanishi.

Jioni ile alimngoja binti yake arudi kazini.

"Nani anavipaka viko vyangu?"

Binti aliinama. "Mimi, mama. Bosi anasema nta yako haing'ai, wateja wanataka kiko kama kioo. Ananifungia chumba cha nyuma ili vumbi lisiingie."

"Anakufungia? Na hicho kikohozi cha mwezi mzima?"

"Anasema ni baridi."

Mama Msasa hakulala vizuri. Kulipokucha alifika dukani pamoja na binti yake na wateja wa kwanza. Mwenye duka alikuwa akipanga viko kabatini, vyote vinameremeta.

"Mama yangu, biashara ni macho," alisema bila kugeuka. "Mteja ananunua anachokiona."

"Na anavuta asichokiona. Umesikia mtaa mzima unavyonisema, ukanyamaza. Jina lililochafuka ni langu, kifua kinachoharibika ni cha mwanangu, na wewe umekaa hapa unapanga kabati."

"Punguza sauti, kuna wateja."

"Hao ndio nataka wanisikie."

Binti alivua aproni, akaiweka juu ya kaunta. Wakatoka pamoja.

Leo binti amekaa upande wa pili wa meza, dirisha wazi, anajifunza kukamua kitambaa. Kiko cha mwalimu ndicho kilicho mikononi mwa mama yake, kimekwanguliwa vanishi yote, mbao inaonekana tena. Akikimaliza atakipeleka mwenyewe nyumbani kwa mwalimu, mchana kweupe, majirani wamwone. Kuanzia sasa atapokea viko kutoka kwa wenyewe tu.

"Nikipata wateja watano wa kwangu tutakula," anasema. "Dukani mwanangu harudi. Labda niwe nimekufa."

Mlangoni amepigilia kipande cha boksi, ameandika kwa mkono wake ili kila mzazi anayepita asome:

Usipake vanishi wala rangi kwenye kiko.

Usizibe vitundu kwa gundi na unga wa mbao. Kikishika moto, unavuta gundi.

Usitie nta ndani.

Usipokee kiko kinachonuka dawa, hata king'ae vipi.

Usimwache mwanao afungiwe mahali pa kazi, hata ukiambiwa ni kwa ajili ya vumbi.