Kiti cha Fundi Betri

Mtaa mzima ulimwita Fundi Betri, ingawa alikuwa hajagusa betri mwaka wa kumi na moja sasa. Siku hizi kazi yake ilikuwa kukaa. Akimaliza chai ya asubuhi alibeba kiti chake cha mbao hadi nyuma ya nyumba, akakiweka palepale pa jana, hatua chache kutoka kwenye matuta ya mboga ya mkewe, akashinda hapo kutwa. Jirani akichungulia juu ya ukuta humuuliza kama ameota mizizi. Naye hucheka, kicheko cha kulazimisha.

Chini ya kiti hicho ndipo lilipokuwa jiko lake. Kwa miaka ishirini alipasua betri chakavu za magari, akamwaga maji yake ya asidi ardhini, akayeyusha madini ya risasi yaliyomo kwenye sufuria ya chuma. Biashara ilipokufa alibomoa jiko na kusawazisha. Mkewe, mtu asiyejua kutulia, akaanza kilimo.

Mwaka huu wakaja wapimaji wa udongo, kwa kuwa mtaa huo ulikuwa wa magereji kabla ya kuwa wa makazi. Binti yake alishamwambia kwa simu, "Baba, nataka kumleta mtoto akae nanyi. Lakini wakikuta sumu hapo, haji."

Mpimaji alifika na sepeto na fomu yake. "Mzee, zamani hapa palikuwa na nini?"

"Bustani tu, mwanangu."

Akampeleka mwenyewe hadi getini, penye udongo wa kuletwa, uliomwagwa na lori walipojenga uzio, akamwonyesha pa kuchimba. Majibu yakarudi safi. Mkewe akaibandika karatasi sebuleni, na wiki iliyofuata mjukuu akashushwa na kibegi chake, msichana wa miaka minne, mdomo haufungi.

"Sasa nitalima mpaka ukutani," mkewe akasema. "Pale pamelala bure."

Hapo ndipo kiti kilipozaliwa. Alijidanganya kwamba matuta ya zamani yako mbali vya kutosha, ila mboga zenyewe hazikumpita tena kooni. Mwizi wa kuku ana nafuu, maana yeye hukimbia. Huyu wetu alijifungia mlango kwa mkono wake, kisha akaukalia.

Jambo moja hakulipigia hesabu: kwamba mtoto angempenda. Kila asubuhi alimfuata na kijiko, akachutama miguuni pake, akachimba.

"Nenda kacheze getini, mjukuu wangu."

"Twende wote, Babu."

"Mimi nimechoka."

"Basi na mimi nimechoka."

Siku moja aliinuka, akaenda naye getini. Waliporudi, mkewe alikuwa amekwisha kupiga jembe mistari miwili. Akisimama, jembe linakuja. Akikaa, mtoto anakuja. Aliogopa, na hakuwa na wa kumwambia.

Jana mtoto alichimbua kidonge cha kijivu, akakipima kiganjani. "Babu, kidogo lakini kizito." Kisha, apate kukiona vizuri, akakilamba kuondoa vumbi.

Fundi Betri alimpokonya kwa nguvu hadi mtoto akaangua kilio.

"Muache acheze, mzee wangu," mkewe akasema kutoka jikoni. "Udongo si umepimwa?"

Mumewe alikuwa amepiga magoti, anamfuta mtoto ulimi kwa pindo la shati lake. Mkewe akauliza tena, naye akaendelea kufuta.