Kinyago Kilichombana Torborg

Torborg, fundi cherehani wa Stockholm, hakuviamini vidonge vya sonona alivyomeza wiki nane. Picha ya ubongo isingeonyesha dawa imefika kwenye vipokezi, zile sehemu za ubongo zinazoipokea, angeviacha leo hii.

Muuguzi Ebba alimvika kinyago cha plastiki cha kuzuia kichwa kisitikisike wakati wa picha, kilichofinyangwa usoni mwake kabla hajaanza vidonge. Kilimbana mashavu.

“Dada, mmenibadilishia! Hiki si changu.”

“Jina lako hilo hapo, mama.”

“Jina mtu yeyote anaandika. Mimi fundi, vipimo havinidanganyi.”

Akakivua, akakipapasa ndani. Pua ilikuwa imepinda, kama yake hasa.

“Sasa mashavu haya nimeyatoa wapi?”

“Si umeanza kula tena?”

Torborg alimkazia macho. “Vidonge nitameza. Ila nikiwa puto, nitakutafuta.”