Kiwanja cha Papa Adrien

Kama hujaishi katika kambi za zamani za wafanyakazi hapa Panda, mjini Likasi, huwezi kujua ukaidi wa ardhi yetu. Nyumba zilipangwa mlimani kwa mstari mzuri, lakini nyua ziliachwa jinsi zilivyo, zinateremka zote kuelekea kijito. Ukiangusha kitunguu mlangoni kwako, utakiokota kwa jirani. Na chini ya udongo mwekundu kuna mabaki meusi ya tanuru la shaba, yaliyomwagwa huko tangu enzi za babu zetu. Jembe likiyagusa, meno ndiyo yanayouma.

Katika ua wa namna hiyo jirani yangu Eugénie aliamua kutengeneza mahali tambarare. Alitaka kujenga payoti, kile kibanda cha duara cha nyasi, kisicho na kuta, ambacho watu huweka nyuma ya nyumba ili wakae wapate hewa. Wenye nazo hunywea bia humo. Eugénie aliitaka kwa ajili ya mume wake.

Mume wake, Papa Adrien, ambaye yeye humwita Papa Carine kwa jina la mtoto wao, alikuwa karani wa stoo, mtu wa shati lililopigwa pasi, anayesalimia barabara nzima kwa majina. Mwaka jana presha ilimwangusha, upande wake wa kushoto ukalegea. Aliporudi kutoka hospitali walimweka uani kwenye kiti, watu waje wamwone. Kiti kikainama upande ule mbovu, naye akaenda nacho mpaka chini, mbele ya macho ya watu wote. Hakuumia. Lakini tangu siku ile aliingia chumbani, akaugeukia ukuta, akakataa hata kunyolewa ndevu. Nesi alisema wazi kwamba asipotoka akajaribu ule mguu, atakauka humo humo ndani. Papa Adrien alijibu kwamba hataanguka mbele ya watu mara ya pili.

Basi Eugénie akachukua jembe. Asubuhi alikuwa Kikula sokoni na samaki wake wakavu, jioni alikuwa uani anachimba. Alikata udongo upande wa juu, akaubeba kwa karai kuujaza upande wa chini, akaushindilia kwa kigogo cha mti. Mara ya kwanza hakushindilia vizuri. Mvua moja tu ya mapema ikaja, kile alichokijaza kikadidimia, akaanza upya. Nilimshauri atafute vijana wenye nguvu. Aliniangalia tu, kama mtu anayemwangalia inzi ambaye hana hamu ya kumfukuza.

"Mama Michée," aliniambia siku moja, akiwa ameegemea ukuta, "nikilala naona udongo. Nikiamuka naona udongo. Hata chakula iko na ladha ya udongo."

Nami nilimsaidia pale nilipoweza. Tulikuwa tunashika mpira mwembamba uliojaa maji, yeye ncha hii, mimi ncha ile, tukitazama kama maji yamelingana pande zote mbili, maana ndiyo dalili kwamba ardhi iko sawa. Kwa muda mrefu hayakulingana. Mimi ningekuwa nimeshautupa ule mpira kijitoni.

Kilichomchosha zaidi hakikuwa udongo. Kwetu, mgonjwa akizidiwa, jamaa huanza kusafisha ua bila kusema neno. Wanang'oa magugu, wanasawazisha, kwa sababu kilio kinataka nafasi, na watu watakesha nje siku kadhaa. Hakuna anayemwambia mgonjwa, na hakuna mgonjwa asiyejua. Papa Adrien mwenyewe aliwahi kufanya hivyo kwa ajili ya baba yake. Sasa alilala chumbani, anasikia jembe nje ya dirisha lake kila jioni.

"Unatengeneza nini kule?" alimuuliza mkewe.

"Payoti. Juu ya weye uikale inje."

"Payoti," alirudia polepole, na hakuuliza tena. Eugénie aliniambia kwamba kuanzia siku hiyo alipunguza hata kula.

Hatimaye maji yalilingana. Ilikuwa Jumamosi, mawingu yamejaa, na Eugénie aliogopa mvua isije ikamharibia tena. Aliazima turubai, akachomeka miti minne, akalifunga juu ya kiwanja chake. Kisha akaingia ndani, akalala na nguo zake za kazi.

Hebu fikiri sasa. Nyumba ya mgonjwa wa siku nyingi, ua umesafishwa, turubai limefungwa juu ya miti, na mwenye nyumba haonekani. Nani katika Likasi hii angeuliza ni nini? Mama Germaine, kiongozi wa akina mama wa kanisa, alipita barabarani, akaona, akashika kichwa. Hata hodi hakupiga. Kabla ya saa moja kupita alirudi na kundi zima, vikwembe vimefungwa kiunoni, wengine na viti kichwani, wanaimba nyimbo za msiba. Walipofika chini ya turubai wakajitupa kwenye udongo ule uliosawazishwa kwa taabu, wakagaagaa. Niliruka ukuta kwa hasira. Kile kiwanja nilikuwa nimekishindilia mimi pia!

"Adrien weee! Muntu muzuri weee! Unatuachia nani?"

Pazia la dirisha likasogea.

"Siyakufa!" ilisema sauti nzito kutoka ndani. "Niko muzima! Mama Germaine, shi unanisikia? Siyakufa!"

Nyimbo zilikatika. Mwanamke mmoja alikimbia akaacha kiatu. Mama Germaine, ambaye haya haijawahi kumkuta nyumbani, alisimama, akajipangusa magoti.

"Bwana asifiwe, papa," alisema. "Tulikuya juu ya kukusalimia."

Wakaondoka na viti vyao. Mimi nilibaki nikilikunja lile turubai pamoja na Eugénie, ambaye alikuwa ametoka nje na macho mekundu ya usingizi. Sikuweza kucheka, maana dirisha lilikuwa bado wazi.

"Eugénie," aliita Papa Adrien. "Uniambie kweli. Ile nafasi ni ya payoti ao ni ya kilio yangu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nilingoja Eugénie aape, aite majina ya watakatifu wote. Lakini mtu aliyechoka kiasi kile hana hata nguvu ya kudanganya. Alikaa juu ya kigogo chake cha kushindilia.

"Ni ya weye," alisema. "Nataka uikale apa, uone bantu, ugombane nabo. Lakini siku utakufa, bataikala wapi? Bataikala apa apa. Niko na kipande ingine? Minye nimechimba mara moja, Papa Carine. Sitachimba tena."

Nilidhani amemvunja moyo kabisa, na nilikasirika naye kimoyomoyo. Kisha tukasikia kitanda kikilia, fimbo ikigonga sakafu, mguu ukiburuzwa. Mlango ulifunguka. Papa Adrien alisimama pale, ndevu hadi kifuani, akikunja uso kwa ajili ya mwanga.

Alikuja hatua kwa hatua. Eugénie alitaka kumshika, akakataa. Nilileta kiti, nikakiweka katikati, naye akajishusha taratibu, mkono wake mzima umeng'ang'ania fimbo, akingoja kuanguka. Kiti hakikuinama. Alijisogeza kushoto, makusudi kabisa. Hakikuinama. Akatazama kiwanja mwanzo hadi mwisho, kama alivyokuwa akikagua stoo yake.

"Ni kidogo," alisema.

"Nini njo kidogo?" aliuliza Eugénie.

"Ile nafasi. Bandugu yangu ya Kasai ni mingi, batakuya na train, na batoto yabo. Na bale bote ba ku kazi. Apa habatatosha. Ongeza kule, mpaka ku mupapayi."

Eugénie aliutazama mpapai, ulikuwa mbali, chini kabisa kwenye mteremko. Akautazama udongo wote uliobaki kuchimbwa hadi huko, mikono yake, kisha mume wake aliyekaa nje kwenye hewa, wima. Machozi yakaanza kumtoka na hakuyafuta.

"Basi usikufe kwanza, Papa Carine," alisema. "Nimechoka."