Glavu Nyeupe za Mama

Mwezi wa saba hapa Songea, kochi linavaa vizuri kuliko bibi mwenye nyumba. Sisemi kwa kejeli, nimeyaona. Unakaribishwa sebuleni, unakuta kochi limevalishwa vitambaa vya kufuma mgongoni na mikononi, runinga imefunikwa kitambaa chenye maua, chupa ya chai ina kitambaa chake, hata ndoo ya maji ina kofia. Halafu ukipita uani kusalimia, unamkuta bibi amejikunyata kwenye kigoda karibu na moto, khanga moja mabegani, kandambili miguuni, pua inachuruzika. Ukimuuliza hali anakujibu kwamba anamshukuru Mungu. Hasira zangu zilianzia hapo, na mpaka leo hazijaisha.

Kufuma nilifundishwa na masista nikiwa msichana, kwa ile sindano ya chuma yenye kindoano kichwani, na nilichofundishwa ni vitambaa tu. Msichana aliyetazamiwa kuolewa alipaswa kwenda kwa mume na vitambaa vya makochi, hata kama mume mwenyewe hakuwa na makochi. Nilivifuma, nikaolewa navyo, vikachakaa. Nilipokuwa mtu mzima mwenye akili zangu niliamua kwamba samani hazisikii baridi. Tangu hapo, nikikaa barazani kwangu, mtaa wa Lizaboni hapa mjini, na kikapu changu cha nyuzi, nafuma vitu vya kuvaliwa na watu: mizula ya kichwani, skafu, soksi, glavu. Wanawake wenzangu wakipita huniuliza kama nina vitambaa vya meza. Nawajibu kwamba meza zao zikianza kukohoa waniletee.

Wanaozitaka kazi zangu ni wageni. Walimu na watumishi wanaohamishiwa huku kutoka pwani hufika mwezi wa sita na mashati ya mikono mifupi, na haupiti muda wako mlangoni kwangu, meno yanagongana. Wenyeji wanawacheka. Sisi wenyeji tuna kiburi cha ajabu na hii baridi yetu. Mtu midomo imempasuka, ngozi ya mikono imemkauka mpaka ukimchora kwa ukucha unaandika, lakini mwambie avae glavu, atakuuliza kama yeye ni mtoto mchanga.

Na mwenye kiburi kuwazidi wote ni mama yangu. Anaishi Matogoro, chini kabisa ya vilima, mahali ambapo upepo wa alfajiri unashuka kutoka msituni na kuingia ndani bila hodi. Tumemwomba ahamie kwetu mjini, akasema hawezi kuacha mahindi yake yalindwe na majirani. Asubuhi vidole vyake vinakakamaa kiasi kwamba njiti ya kiberiti inamponyoka. Nimewahi kumkuta amekibana kiberiti kwa magoti, anapiga njiti kwa viganja viwili, moto haushiki, na yeye hataki kusaidiwa. Mwaka huu alikuwa na kikohozi pia, kile kikavu kinachomkunja mtu mgongo. Nilitaka jambo moja tu: mama yangu apate joto angali hai.

Nikamfumia glavu, soksi na mzula, vyote vyeupe. Najua msomaji wa huku kwetu ameshaanza kutikisa kichwa. Subiri. Mwalimu mmoja aliagiza shali ya mtoto wake, akabadili mawazo, nikabaki na uzi mweupe, laini kuliko uzi wowote niliowahi kuushika. Uzi laini namna ile ningempelekea nani kama si mama? Nilifikiria ulaini, sikufikiria rangi. Na hata sasa naona hivyo ndivyo mtu timamu anavyopaswa kufikiri.

Nilipanda Matogoro Jumapili moja ya mwezi wa sita, baada ya misa. Mama alikuwa kwenye jiko lake la nje, anapuliza moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini hicho?"

Alinawa mikono kwanza, akaifuta kwa khanga, ndipo akapokea. Alizigeuza glavu huku na huku, akapitisha kidole kwenye mishono. Machozi yalimlengalenga. Nikasema moyoni, leo nimempata.

"Ahsante sana, mwanangu," alisema. "Sasa nimekamilika."

Akainuka, akaingia chumbani. Nikasikia tranka linavutwa kutoka uvunguni.

Tranka lile sisi watoto wake wote tunalijua. Ndani yake kuna gauni jeupe, kitambaa cheupe cha kichwa, shuka ambayo haijawahi kutandikwa na rozari. Mama anaziita nguo za safari, na safari yenyewe ni ile ambayo mtu harudi. Kina mama wa umri wake wengi wanalo tranka kama hilo, ili siku ikifika watoto wasihangaike madukani huku wanalia. Huku kwetu marehemu mwanamke anavikwa nyeupe kuanzia kichwani mpaka miguuni, na mikono na miguu haiachwi wazi. Tranka la mama lilikuwa limekosa glavu na soksi. Mimi, mtoto wake wa kumzaa, nikawa nimempelekea.

Nilimfuata chumbani nusura nijikwae.

"Mama! Hizo ni za baridi!"

"Ndiyo," alisema, anazikunja taratibu. "Na huko chini ni baridi."

"Ni za kuvaa sasa hivi. Ukiwa jikoni. Ukiwa shambani."

"We mtoto una wazimu. Kitu kizuri namna hii nikachimbie viazi?"

Akafunga tranka, akalisukuma kwa mguu, mguu wenyewe mtupu ndani ya kandambili, kisigino kimepasuka. Nilisimama pale nikikitazama kile kisigino na sikujua nimkasirikie nani.

Basi ningekuwa peke yangu na hasira zangu, ningevumilia. Lakini mama aliwaita wenzake wa jumuiya waje kuona. Akawafungulia tranka, wakazipokezana zile glavu kama watu wanaombeba mtoto aliyebatizwa leo. Kabla mwezi haujaisha, nikiwa barazani nafuma skafu, nikasikia, "Tumsifu Yesu Kristo!" Nikaitika, "Milele, amina," nikainua kichwa. Walikuwa kina mama kutoka Matogoro, wameshuka kwa miguu, wamejifunga khanga mbili mbili kwa ubaridi.

"Tumekuja kwa ajili ya zile nyeupe," alisema aliyewatangulia, jirani na rafiki wa mama tangu sijazaliwa. Walilima pamoja, walizaa pamoja, walizika waume zao msimu mmoja. "Mama yako ametuonyesha. Kwa kweli ana mtoto."

"Na hizi?" Nikamwinulia skafu ya bluu, nzito, nzuri. "Hii haikufai? Shingo yako iko wazi."

Wakacheka, kwa upole, jinsi mtu anavyomcheka mtoto aliyeuliza Mungu analala saa ngapi.

"Hiyo wape walimu," alisema rafiki wa mama. "Sisi baridi tumezoea."

Niliwakatalia. Niliwaambia kwamba sifumi nguo za maiti, nafuma za watu, na anayetaka nimfumie avae hapa hapa mbele yangu aondoke nazo mwilini. Waliondoka wameninunia. Yule rafiki wa mama alikuwa wa mwisho kutoka, akaigusa ile skafu ya bluu kidogo kwa ncha za vidole, akaiacha. Jioni hiyo hiyo kaka yangu, anayelima huko Madaba, akanipigia simu. Habari zilikuwa zimemfikia tayari.

"Kwa nini unawatukana wazee?" aliniuliza. "Mwache mama. Hiyo ni heshima umempa, na amefurahi."

Nikamuuliza amevaa nini wakati huo anaponipigia. Akasita, akasema sweta na koti. Nikamwambia avivue vyote viwili aviweke sandukuni kwa heshima, halafu ndipo tuzungumze, nikakata simu.

Sikuacha kupanda Matogoro. Kila nilipofika, nililianzisha upya lile suala la glavu, na kila mara mama alikuwa na jibu. Zitachafuka. Zitatatuka. Panya wa jikoni watazinusa. Siku moja nilimkuta anapukuchua mahindi kwa vidole vilivyokakamaa, punje zinamkwama, kikohozi kinamkatisha. Nikamwambia kwa sauti ambayo mtoto hapaswi kuitumia kwa mama yake kwamba akiugua mapafu kwa kiburi, hizo glavu nitamvika huku namlaumu.

"Nivike tu," alisema. "Bora zikiwa safi."

Mwishoni mwa mwezi wa saba, yule rafiki yake akafa. Alilala na homa, na kifua kikambana, na watoto wake walipompeleka hospitali walikuwa wamechelewa. Nilipanda Matogoro siku ya mazishi, nikajipanga kwenye mstari wa kuaga. Uani watu walikuwa wameota moto tangu usiku, na makochi ya marehemu yalikuwa yametolewa nje kwa ajili ya wageni, na vitambaa vyake vyote vya kufuma.

Nikafika kwenye jeneza. Sikuangalia uso kwanza, macho yalishuka yenyewe kwenye mikono. Kazi yangu naijua. Gumba la kushoto nililifuma mara mbili likakataa kukaa sawa, likabaki nene kidogo pale chini. Lilikuwa pale, jeupe, safi, limelazwa juu ya rozari. Na mzula wangu ulikuwa kichwani, chini ya kitambaa.

Walioniona nikitoka pale walidhani nalia kwa uchungu wa marehemu. Uchungu ulikuwepo, siwezi kukataa, alikuwa mama yangu mdogo kwa mapenzi. Lakini hasira ndiyo iliyonizidi. Ulaini wote ule! Miezi ya baridi yote ile mikono ya wanawake wawili ilipasuka kando ya tranka moja, na sasa udongo unakwenda kuvaa glavu.

Baada ya mazishi nilimfuata mama kwake, maneno yangu nimeyapanga. Alikuwa ameingia jikoni kabla ya kubadilisha nguo, amechutama mbele ya mafiga, anahangaika na kiberiti.

"Mama. Zile glavu."

"Hakuwa nazo," alisema bila kugeuka. "Wanawe walitaka kukimbilia mjini kununua zile za nailoni. Nikasema mwenzangu hawezi kwenda na nailoni."

"Nilizifuma kwa ajili yako."

"Najua."

Njiti ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Nikangoja aseme kwamba nimfumie nyingine nyeupe, na jibu langu lilikuwa mdomoni tayari, kali.

"Mimi ndiye niliyemvika," alisema. "Mikono yake ilikuwa baridi, mwanangu. Nikamvika hizo glavu, nikamshika, nikawa nangoja. Wenzangu wananiambia, haya, tuendelee na soksi. Mimi nimemshika tu, nangoja mikono ipate joto." Kikohozi kikaja, kikapita. "Haikupata. Glavu nzuri vile, haikupata kabisa."

Nilichukua kiberiti kutoka mikononi mwake, nikawasha moto mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hakunikatalia. Tulikaa mpaka kuni zikashika vizuri. Kisha akanyoosha mikono yake yote miwili mbele yangu, viganja juu, vidole vimetanuka kadiri vilivyoweza kutanuka.

"Nipime," alisema.

"Nyeupe?" Nilikuwa bado sijamwamini.

"Nyeupe ya nini jikoni humu? Tafuta rangi isiyoonyesha masizi."

"Na za tranka?"

"Za tranka zitapatikana. Hata za nailoni."

Nilimfumia za kahawia iliyokolea, kwa uzi mzito, ncha za vidole nikaziacha wazi ili ashike njiti. Nikamwongezea soksi na mzula wa rangi hiyo hiyo. Ile skafu ya bluu nayo nilipanda nayo; sikuweza tena kumuuzia mwalimu. Mama aliitambua, maana mwenzake alikuwa amemsimulia, akaizungusha shingoni.

Wiki iliyopita nilimkuta jikoni na kina mama wale wale. Glavu zimejaa unga na masizi, na gumba moja limeungua kwa kaa la moto mpaka limetoboka. Alikuwa anawaonyesha jinsi vidole vyake vinavyojikunja. Wao walikuwa wananitazama kwa pembeni, na nilijua kabla hawajafika kwangu watakuja kuagiza rangi gani.

"Zina joto," mama aliwaambia. Kisha akanigeukia mbele yao wote. "Tatizo la huyu mtoto ni kuchelewa. Miaka yote hii naumia na baridi, yeye amekaa huko Lizaboni anawafumia walimu!"

Nikamwambia basi anipe hizo glavu nikamrekebishie lile gumba lililotoboka, nitazirudisha kesho.

Akaficha mikono kwapani. Alisema hawezi kuzivua hata kwa siku moja, baridi ni kali mno.