Mipigo Minne ya Mama Selotepu

Saa moja kasoro asubuhi, jua bado linajishauri kama litoke au liombe ruhusa, na Mama Selotepu yuko uani na ndoo ya maji. Hafui. Hadeki. Anaandika.

Anachovya brashi, anavuta mstari sakafuni kutoka kushoto kwenda kulia. Wa pili unashuka na kuukata katikati. Wa tatu unatelemka kushoto. Wa nne unatelemka kulia na kuishia na unyayo mpana. Hiyo ni herufi ya Kichina yenye maana ya mti. Kabla hajanyoosha mgongo, saruji imeshaanza kuinywa.

"Miti arobaini tangu uamke, na kivuli hakuna," mumewe, fundi cherehani mstaafu, anamtania, kikombe cha chai mkononi.

"Na wewe umeshona suruali miaka arobaini, mbona yako imechanika?"

Mama huyu wa miaka hamsini na minne amechora mabango kwa miaka ishirini na saba. Jina la utani alijitakia mwenyewe: kila herufi huipima kwa rula, huizungushia selotepu, kisha huijaza rangi. Kosa likitokea, kitambaa na mafuta ya taa viko tayari. Mistari yake imenyooka kuliko tabia za wengi wetu.

Ndiyo maana Mama Selotepu alicheka pale seremala mmoja Mchina, ambaye mtaa mzima humwita Mzee Randa, alipomwomba herufi moja tu ya kuweka juu ya mlango wa karakana yake. Mipigo minne! Akapima, akabandika, akajaza kwenye kipande cha mbao cha kujaribia. Ikatoka safi kama ya mashine.

Mzee Randa akaiinua mwangani. "Mama, hii umeijenga. Hujaiandika."

"Kwani tofauti iko wapi?"

"Mkono haukupita hapa."

Kisha akamwonyesha ubao wenyewe, mmoja tu, alioachiwa na marehemu baba yake. Alikuwa ameupiga randa wiki nzima na hakuupaka vanishi. Wino ukigusa, unazama; hakuna kufuta. Akampa siku ishirini za kujifunza, kwa maji sakafuni. Mama akishindwa, yeye ataagiza bango la kuchapwa kwa mashine.

Hapo ndipo palipouma. "Mashine zimeshaninyang'anya nusu ya wateja," anasema Mama Selotepu. "Huyu siwaachii."

Mipigo yenyewe aliishika mapema. Kilichomtesa ni mkono wa kushoto: brashi ikiinuka tu, wenyewe mbio kwenye kitambaa, kusahihisha. Mwishowe Mzee Randa akakikalia.

"Mzee, hicho ni kitambaa, si kiti!"

"Utakipata ukimaliza. Andika."

Siku ya ishirini, ubao umelazwa kwenye meza ya karakana, katikati ya maranda. Mumewe amesimama nyuma.

Mpigo wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Wa nne unatetemeka kidogo mwishoni, kama mtu aliyekanyaga kokoto.

Mkono wa kushoto unaruka. Unazama mfukoni, unakikuta kitambaa, unakifumbata. Unabaki humo humo.

Mzee Randa anainama mpaka pua inakaribia kugusa wino. Anapitisha kidole juu ya ule mtetemo bila kuugusa.

"Hapa," anasema taratibu, "mkono umepita." Kisha anakwenda kuchukua ngazi.

Njiani kurudi nyumbani, Mama Selotepu anakiri jambo. Miaka yote hiyo ameandikia watu majina, lakini mlangoni kwake hakuna hata nukta. "Niliogopa kujikosea mwenyewe," anasema. Wiki ijayo ataning'iniza bango lake, la mkono mtupu.

"Bila selotepu?" mumewe anauliza.

"Bila selotepu."

"Basi jina lako la utani limekufa, mke wangu."

"Life wapi? Ndilo nitakaloliandika."