Binti Yangu Aliniita Muosha Vyombo Mbele ya Wageni Wake

Binti yangu anafungua hoteli kubwa hapa Garsen, ya vigae na viti vya kuzunguka, na mimi niliyemzaa nimekatazwa kukanyaga. Hamjambo wapendwa. Admin, jina langu lifiche, maana mji huu ni mdogo na mimi najulikana.

Nina miaka hamsini na mitatu. Shule niliachia darasa la sita, lakini kwa kupika sina wa kunifundisha. Miaka kumi na saba nimeuza chai na chapati, na samaki kwa watu wa mtoni, kwenye kibanda cha mabati karibu na soko la mifugo, na sijisifu bure, ulizeni, hakuna aliyewahi kunirudishia kikombe. Wateja wangu wakubwa ni wafugaji, Waorma na Wasomali. Wengi wao samaki hawali, na harufu yake kwenye maziwa hawaiwezi kabisa. Sisi Wapokomo wa mtoni tumekulia kwenye samaki, hata hatuisikii. Kwa hivyo nilijiwekea sheria yangu: vyombo vya chai na vya samaki havigusani, kila upande na karai lake, sponji lake, kitambaa chake. Na kila kikombe nakinusa kabla sijamimina. Watu walinicheka sana. Lakini kwa pua hii hii nimesomesha mtoto chuo cha hoteli Mombasa.

Na mtoto mwenyewe, mashallah, mrembo, Kizungu anakimwaga kama maji. Ameacha kazi nzuri huko aje afungue kwao. Wiki jana aliita watu wachache waonje chakula. Mimi sikuitwa, lakini mama huitwa? Nikavaa leso mpya, nikabeba mahamri, nikaenda. Nikamkuta amekaa na wageni wake wa Mombasa. Mmoja akauliza, "Na huyu mama ni nani?"

Binti yangu hakunitazama. Akasema, "Ni wa kuosha vyombo. Mama, pita nyuma."

Nikapita nyuma. Ndugu zangu, nikaosha. Ningefanya nini, nimuaibishe mwanangu? Nilipoinama kwenye karai ndipo nikaona maji yaliyooshea kikaango cha kambare ndiyo hayo hayo yanaoshea chupa za chai. Sponji moja. Nikanusa chupa ya kwanza, ya pili, zote zanuka samaki. Wasichana wa jikoni ni wa kwetu mtoni, hawasikii kitu. Mmoja akaniuliza, "Mbona wanusanusa kama paka, mama?" Wakacheka hadi wakashikana.

Wageni walipoondoka nikamvuta binti yangu pembeni. "Mwanangu, tenga vyombo vya chai. Wazee wa ng'ombe hawatagombana nawe. Watakiweka kikombe chini, watainuka, na hawatarudi, wao na watoto wao."

Akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni. "Mimi nina cheti cha mambo hayo. Wewe una nini? Unanuka moshi, mama. Umeozea kwenye mabati, sasa unanionea wivu. Siku ya kufungua usije, nitakutumia pilau nyumbani."

Tangu hapo nikipiga simu hashiki. Nilimtuma mdogo wake, naye akarudi na jibu moja tu, mwambie mama apumzike.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Juzi mzee mmoja mwenye mifugo, mteja wangu wa miaka mingi, alinisimamisha njiani. "Chai ya kwa binti yako ni ya mkono wako?" Nikanyamaza. Akadhani nimekubali. Akasema, "Basi tunakuja sote."

Nitasema ukweli kwa kuwa hamnijui. Kuna saa natamani wainuke mmoja mmoja, mbele yake, mbele ya hao wa Mombasa, aone cheti chake kitamfaa nini. Halafu nakumbuka nilimzaa kwa siku mbili za uchungu, na ile tamaa inanitia hofu, lakini haiondoki.

Wapendwa, mniambie bila kunipaka mafuta. Nipenye mlango wa nyuma nizisafishe zile chupa mwenyewe, hata akinitoa kwa kunisukuma watu wakiona? Nimwambie yule mzee kweli, nimharibie mwanangu biashara kabla hajaanza? Au ninyamaze? Msichelewe kunijibu, maana anafungua Ijumaa hii, na wazee wote wanaingia pale wakitoka msikitini.