Karo Moja, Nyumba Tatu: Maisha ya Delyth Pugh

Saa kumi na mbili asubuhi, umande ungali mzito kwenye vilima vya Radnor, Delyth Pugh analirudisha boza la maziwa kinyumenyume hadi mlangoni mwa zizi. Anaunga mpira, anasubiri maziwa yavutwe, anaandika kipimo, anaondoka. Mwenye shamba yumo ndani anakamua. Wamepungiana mikono tu.

"Kuna siku namaliza mashamba kumi na moja sijatamka neno," anasema mama huyu wa miaka 58. "Nikifika nyumbani nikikohoa, najishtua mwenyewe."

Nyumbani ni nyumba ya mawe, ya chini kabisa kati ya tatu zilizoshikana mteremkoni. Aliinunua miaka mitatu iliyopita, baada ya mumewe Gethin kufariki na mwenye nyumba waliyopanga kuitaka nyumba yake. Ilimgharimu pauni 148,000: akiba yote, na mkopo atakaoumaliza akiwa na miaka sabini.

Bomba la maji taka la mji halifiki huku. Nyumba zote tatu humwaga kwenye karo moja, lililozikwa chini zaidi mteremkoni, katika malisho ya jirani wa nyumba ya juu, Idwal Bevan, mfuga kondoo wa miaka 81. Nyumba ya katikati ni ya watu wa mjini wanaokuja Pasaka na Agosti.

Kabla hajanunua, wakili alimwonya.

"Aliniuliza: nani huita gari la kunyonya karo? Nani hulipa? Una ruhusa ya kuingia malishoni? Hapakuwa na karatasi hata moja. Akasema nisubiri iandikwe. Mimi nilibakiwa na wiki tano za kuhama. Nikasaini."

Januari yake ya kwanza hapo, maji machafu yakapanda kwenye bafu lake. Siku mbili alioga kazini. Ya tatu akabisha kwa Mzee Idwal, ambaye kwa miezi minane alikuwa akisalimiana naye tu.

"Mzee, karo limejaa."

"Mbona kwangu linapokea vizuri?"

"Wewe uko juu. Ya kwako yanakuja kwangu."

Mzee hakucheka. "Boza halikanyagi malisho yangu," alisema. Lililokuja mara ya mwisho lilizama hadi ekseli, likapasua mtaro. Yeye na aliyekuwa akiishi nyumba ya Delyth hawakusemeshana tena hadi yule akafa.

"Nina miaka kumi na tisa naendesha boza kwenye matope yenu," Delyth akamjibu. "Nitalielekeza mwenyewe. Likiacha alama, nifukuze."

Mzee akamkagua kuanzia buti hadi kofia. "Haya. Ila boza la maziwa na la huku usije ukayachanganya, mwanangu."

Delyth alipima malisho kwa hatua, akachagua ukingo wenye mawe kando ya lango, akamwomba dereva aje na mipira mirefu. Gurudumu halikugusa nyasi.

"Mzee alisimama nasi saa nzima kwenye baridi," anakumbuka. "Akanisimulia walivyolichimba lile karo, yeye na mkewe, kwa sepetu, kiangazi kizima. Sikutaka lile gari limalize. Kifuniko kilipofungwa akasema 'haya basi', akaingia kwake. Sikuisikia tena sauti yake hadi Machi."

Nilipomuuliza Mzee Idwal kuhusu Delyth, alijibu: "Jirani mzuri. Hana kelele."

Sasa mkataba umeandikwa. Watu wa mjini wameutia saini na kuurudisha kwa posta. Mzee Idwal aliushikilia miezi miwili, akasaini wiki iliyopita. Mkataba unasema karo litafunguliwa na kunyonywa kila Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, wenye nyumba zote tatu wakiwepo.

"Wakili anasema si lazima tuwepo, inatosha kuchangia gharama," anasema Delyth huku akivua glavu. "Nikamwambia hapo pasiguswe. Paandikwe hivyohivyo."